Pembeni Kuna Nini?

Kaka yangu alikaa nje ya picha ya ukoo wetu miezi kumi na moja, na aliyemtoa ni mimi. Nalitanguliza hilo kwa sababu najijua, nikianza kusimulia huwa najipendelea.

Nyumbani tunamwita Kipimo. Baba yetu alikuwa fundi wa fremu za picha, na kaka alishika rula kabla hajajua kusoma. Alipima meza, akapima mlango, akapima mkate wa chai ya asubuhi kabla ya kuukata, na vipande vilitoka sawasawa mpaka vinakera. Baba alikuwa na sheria moja pale kibandani. Mteja akileta picha ndefu na fremu fupi aliyonunua kwingine, akasema kata tu kidogo hapo pembeni, baba alimrudishia picha yake na kumtakia siku njema. Kwake fremu ndiyo iliyokuwa ikikatwa kuifuata picha. Wateja wengine walinuna wakaenda zao, na mama alikuwa akimwambia baba kwamba kiburi hakichemshi chungu, lakini mzee hakubadilika. Kaka naye akakua hivyo hivyo.

Baadaye simu zikajaa mikononi mwa watu na picha zikashuka ukutani. Baba akafariki, kibanda kikafungwa. Kaka alikuwa na miaka arobaini na mitano, na tulidhani atatafuta kazi ya ulinzi au atakaa tu. Yeye akaenda kujifunza kutengeneza kurasa za mtandao, akakaa darasani na watu ambao angeweza kuwazaa. Tulimcheka jamani, na mimi ndiye niliyecheka kuwashinda wote. Akajitia hamnazo, akamaliza mafunzo, akaanza kuwatengenezea kurasa wenye maduka, mafundi bomba na shule moja ya chekechea. Kazi anaifanyia chumbani kwake, peke yake. Hana mke. Alikuwa na mchumba, fundi cherehani, dada wa watu aliyemsubiri miaka sita wakati kaka akimuuguza baba, halafu akachoka kusubiri. Siku nzima inaweza kupita kaka hajaongea na mtu zaidi ya muuza maziwa. Haya yote nilikuwa nayajua, lakini nilikuwa na mambo yangu.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati ya meno. Siku moja asubuhi, watu wamejaa kwenye benchi wameshika mashavu, ukaingia ujumbe wa kaka. Nakumbuka kila neno. "Mdogo wangu, tafuta mtu mwingine wa kushika ukurasa wa ukoo. Mwisho wa mwezi nitakukabidhi nywila. Nimepata chumba mji mwingine, nitahamia huko. Na kundi la simu nitatoka, msishangae."

Nilikasirika. Niliona ameanza maringo. Zilibaki siku tisa mwezi uishe, na mimi ndiye katibu wa ukoo, maana kila ukoo una mtu mwenye mdomo mkubwa na wetu ni wangu. Nikamjibu kwa neno moja, "Kulikoni?" Hakujibu, nikaita mgonjwa anayefuata.

Sasa niueleze huo ukurasa. Baada ya mama naye kutuacha tulitawanyika, kila mtu na mji wake, wengine na nchi zao. Binamu mmoja akatoa wazo la kuwa na ukurasa wa mtandao wa ukoo, wenye namba za simu, habari za waliozaliwa, na juu kabisa picha ya mwisho tuliyopiga wote pamoja mbele ya kibanda cha baba. Akamlipa mtu autengeneze. Sijui alimwokota wapi, kwa sababu tulipoufungua kwenye simu tulikuwa wembamba na warefu kama mifagio. Upana wa picha ulikuwa umebanwa uingie kwenye simu, urefu ukaachwa vilevile. Baba alionekana kama mtu aliyefunga kula mwaka mzima. Shangazi, ambaye mwili wake Mungu hakuubania, ndiye pekee aliyefurahi. Aliandika, "Hiyo msiiguse, nimependeza."

Kaka ndiye aliyeigusa. Akachukua kazi bila kuombwa, akatuambia kwamba picha ina uwiano wake, upana ukipungua na urefu lazima upungue kwa kiasi hicho hicho, la sivyo unaharibu sura za watu. Akaiagiza picha isizidi upana wa kioo cha simu yoyote, na urefu ujifuate wenyewe. Tukarudi kuwa binadamu. Shangazi akarudia mwili wake na akatununia wiki nzima.

Lakini picha ile ni ndefu, imelala, upana wake ni zaidi ya mara mbili ya urefu. Kwenye simu iliyosimama ilikuwa kama utepe juu ya ukurasa, na sisi ndani yake kama punje za mchele. Watu wakaanza kulalamika. Wakalalamika kwangu, maana katibu ni mimi. Nikampigia kaka nikiwa najipaka mafuta, natoka kwenda kazini.

"Kaka, ile picha ijaze kioo. Tunaonekana kama mchwa."

"Ikijaa itabidi ikatwe pembeni," akasema. "Nitaiwekea fremu yenye urefu maalumu, picha itatanuka mpaka iijaze, na inayozidi haitaonekana."

"Sasa si uikate."

"Nikate pembeni?"

"Pembeni kuna nini, kaka? Si ukuta tu."

Nilidhani simu imekatika, nikaita haloo haloo. Halafu akasema, "Sawa, mdogo wangu," na jioni ile picha ilikuwa imejaa, nyuso kubwa, safi, hata kidevu cha baba kinaonekana. Watu wakashangilia. Nikavimba kichwa kana kwamba kazi nimeifanya mimi.

Kaka akaandika kwenye kundi, "Mmeiona picha ilivyo sasa?" Wakamwagika wenye vidole gumba na wenye maua. Mimi, kwa mkono wangu huu, niliandika, "Imependeza sana kaka. Sasa tunaonekana wote."

Turudi zahanati. Siku mbili baada ya ule ujumbe wa kuhama, daktari alileta kompyuta mpya mapokezi, kioo chake kipana kuliko meza yangu ya nyumbani. Mchana wagonjwa walipopungua tulikuwa tunaijaribu, naye akaniuliza kama kweli baba yangu ndiye aliyetengeneza fremu ya cheti chake, ile iliyoning'inia nyuma ya kiti cha kung'olea meno. Nikamwambia ndiye, subiri nikuonyeshe. Nikafungua ukurasa wa ukoo. Kwenye kioo kile kipana picha ilikuwa na nafasi ya kutosha, ikajitandaza yote.

Daktari akaisogelea. "Mzee ndiye huyu wa katikati, amekuachia pua yake," akasema. "Wewe ni huyu wa kushoto mwenye mtoto. Na huyu anayekimbia ni nani?"

Nikatazama anapoonyesha. Upande wa kulia, baada ya binamu wa mwisho, kuna ukuta mtupu wa hatua kama tatu, halafu, mwishoni kabisa, yuko kaka. Mguu mmoja uko hewani. Shati limetoka kwenye suruali. Kamera ilikuwa yake. Aliiweka juu ya pipa la rangi, akaitega ijipige yenyewe, akakimbia kuja kusimama nasi, na ikapiga kabla hajafika.

Nikatoa simu mkobani nikafungua ukurasa ule ule. Ukuta ulikuwepo kipande. Kaka hakuwepo.

Nikaifunga, nikaifungua tena, kama mjinga. Daktari aliniuliza kama naumwa nikasema hapana, ni jino. Sijui kwa nini nilisema jino. Akataka kunitazama, nikakimbilia stoo ya dawa nikakaa juu ya boksi la glavu.

Ukoo wetu wote unatumia simu. Miezi kumi na moja, watu thelathini na kitu, na hakuna aliyesema Kipimo yuko wapi. Na ile picha si ngeni kwetu. Ilikaa sebuleni kwa mama miaka mingi, na mama alipofariki kaka akaichukua. Tulikuwa tukimtania kwayo, tunamwambia hata mwizi hakimbii hivyo. Nilirudi nyuma kwenye kundi, nikasoma mwezi kwa mwezi nikimtafuta yeye. Mwezi wa tatu aliuliza, "Picha mnaiona vizuri huko mliko? Hakuna kinachopungua?" Binamu akamjibu iko poa. Mwezi wa sita akauliza tena, na hakujibiwa, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mjadala wa keki ya harusi. Baada ya hapo aliandika heri za kuzaliwa na pole za msiba tu, kwa kila mtu, bila kukosa hata mmoja. Roho ilinisuta.

Jumapili nikapanda basi, saa mbili na nusu za safari, nikafika kwake mchana bila kumwarifu. Mara yangu ya mwisho kufika pale ilikuwa siku ya kuleta vitu vya mama. Alifungua mlango akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu. Kaa hapo, kiti ni kimoja."

Akakaa kitandani. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Meza ameiunga kwa vipande vya fremu vilivyobaki kibandani, kila mguu na rangi yake, na haitikisiki. Vitu vingine vilikuwa tayari kwenye maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta yake, simu nne kuukuu za ukubwa mbalimbali zilizopangwa kwa mstari, na kishikwambi kimoja chenye ufa. Kando, karatasi iliyokunjwa, juu yake imeandikwa jina langu.

"Nywila hiyo," akasema. "Ungesubiri ningekutumia, hukuwa na haja ya kutumia nauli."

"Sijafuata nywila. Kaka, hizi simu zote za nini?"

"Za kazi. Ukurasa lazima uutazame kwenye kila ukubwa, huwezi kuamini kioo kimoja."

Zote zilikuwa zimewaka, na zote zilikuwa kwenye ukurasa wetu. Nikainama. Kwenye simu ndogo kabisa kulikuwa na ukoo wetu na ukuta kidogo. Kwenye ya pili ukuta umeongezeka. Ya tatu ilikuwa na ncha ya kiatu. Ya nne ilionyesha kiatu na kiwiko. Kwenye kishikwambi alikuwepo nusu, jicho moja, bega moja, na ule mguu ulioko hewani.

"Kwenye hii nimebahatika," akasema akigusa kishikwambi. Alikuwa anatania, na utani wenyewe ulinimaliza.

Nikaanza kulia pale pale kwenye kiti chake kimoja. Mimi nikilia huwa naongea, kwa hiyo nilimwambia yote, kuhusu daktari, stoo, mwezi wa tatu, mwezi wa sita. Nikamwambia hata mimi najichukia. Alinisikiliza akiwa ameshika magoti. Halafu hasira zangu zikanirudia, maana ndivyo nilivyo, nikamgeuzia kibao.

"Na wewe kwa nini hukusema? Ungesema neno moja tu, kwamba mmenikata."

"Nilitaka mnione," akasema. "Nikisema mwenyewe mngenirudisha kwa kunionea huruma, na nisingejua."

Nje kuna mtu alikuwa anaosha ndoo, tukamsikiliza mpaka akamaliza.

"Lakini kama ni kukata," nikasema, "si ungekata upande mwingine? Fundi ni wewe."

Akavuta kompyuta karibu. Kaka ukimuuliza kitu cha kazi anakujibu hata kama moyo wake umevunjika. Akanionyesha mstari mmoja mfupi katika yale maandishi yake. Picha ikizidi fremu, akasema, unachagua uishikilie wapi. Usipochagua inashikiliwa katikati, inaliwa pande zote mbili sawasawa. Akabadilisha neno moja, simu zote zikabadilika. Kaka hakuwepo, na upande wa kushoto nami sikuwepo. Mama alikuwa amebaki bila bega.

"Hapa tunakosekana wote, mimi na wewe na mtoto. Sasa nikiishikilia kulia," akabadilisha tena, "naonekana mimi."

Kweli alionekana, mzima, anakimbia, kwenye simu zote. Mimi na mtoto wangu tulikuwa tumeondoka, na mama pia.

"Na nikiishikilia kushoto ndiyo hivi mlivyozoea." Akairudisha. Nikajiona pale mwanzoni mwa mstari, na mtoto wa miezi minne amefungwa kwenye khanga, mdomo wazi, analia. "Ulisema nikate. Nikakaa na ile picha tangu mchana hadi jioni. Wewe ulikuwa na mtoto mkononi."

Alisema hivyo tu, kama anayesoma vipimo. Mimi siku ile nilikuwa najipaka mafuta.

Nilimwambia airudishe nzima. Akasema itakuwa ndogo, watalalamika. Nikamwambia waje kwangu, mdomo ninao. Akafuta mistari miwili, akaandika mmoja, na picha ikashuka kwenye simu zote nne na kishikwambi, ndogo, imekamilika ncha kwa ncha, kwenye kila kioo kwa kiasi chake. Nikaandika kwenye kundi kwamba kuanzia leo picha ni nzima kwa amri ya katibu, anayetaka kuona sura avute kwa vidole viwili.

Shangazi alikuwa wa kwanza. "Mmeturudisha kuwa mchwa." Binamu akauliza kama mtandao umeharibika. Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Kaka alikuwa anavisoma pamoja nami, begani kwangu. Akanyanyuka akaanza kufunga boksi la tatu.

Ndipo binti yangu akapiga. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anakaa bweni, na Jumapili huwa wanaruhusiwa simu. Ndiye yule mtoto wa kwenye khanga. Nikaiweka simu mezani kwenye spika.

"Mama, nimevuta picha. Huyo anayekimbia huku mwisho ni nani?"

Kaka alisimama na kamba mkononi.

"Ni mjomba wako," nikasema. "Mjomba Kipimo. Alikuwa anakuja kusimama na sisi, kamera ikapiga kabla."

"Sijawahi kumwona humo."

"Hukuwahi kumwona, mama."

Naona alikuwa anavuta tena kwa vidole. "Sasa mbona hamkupiga nyingine?"

Kaka akainama karibu na simu, haraka, kama mtu anayewahi kudaka kitu kisianguke. "Kamera zile zilikuwa za filamu, mjomba wangu. Hatukujua mpaka ilipotoka kusafishwa. Hakuna mwenye kosa."

Alikuwa ananiokoa tena. Na mimi siku ile nilikuwepo, naikumbuka. Alifika pale kwenye mstari akihema, akasema nadhani sikuwahi, tupige ya pili, zimebaki mbili kwenye filamu. Baba akasema sawa. Watu wakaanza kujipanga upya.

"Tulijua," nikamwambia binti yangu. "Yeye aliomba ya pili. Mimi nikasema imetosha, wewe ulikuwa unalia."

Kaka akaiweka ile kamba juu ya boksi bila kuifunga. Akachukua karatasi yenye jina langu pale mezani, akaikunja mara mbili zaidi, kingo kwa kingo, akaitia mfukoni mwa shati lake.

"Mjomba," binti yangu akasema, "bado upo hapo?"

"Nipo," akasema kaka.